Walioshuka Pwani: Wageni wa Melini na Historia ya Mji wa Dar es Salaam

Meli ya watalii itiapo nanga katika bandari ya Dar es Salaam, abiria wake hupewa saa chache tu za kuuona mji kabla ya honi kuwaita warudi. Mwezi Januari 2024 ilifika meli iitwayo Norwegian Dawn ikiwa na watalii wapatao 2,000, na kabla yake na baada yake zimefika nyingine, kubwa na ndogo. Njia wanayopitishwa wageni hao haibadiliki sana. Wataliona Kanisa letu la Azania Front lililoikabili bandari, wataliona Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la ndugu zetu Wakatoliki, watazunguka Sanamu ya Askari, wataingia Makumbusho ya Taifa, kisha watapelekwa penye vinyago. Wachache watakwenda Bagamoyo. Kariakoo, ikiwa itaonekana kabisa, itaonekana kupitia dirisha la basi. Na Mchikichini, iliyo jirani yake tu, haimo katika ratiba ya mtu yeyote.

Makala haya hayakusudii kuwalaumu wageni. Mtu mwenye saa sita hawezi kuuona mji wote, na ye yote aliyepata kusafiri anajua hivyo. Nia yetu ni kuonyesha kwamba njia hiyo yenyewe ni hati ya historia. Haikuchorwa na wakala wa utalii wa siku hizi. Ilichorwa zamani, na waliopanga mji huu nani akae wapi. Na kwa kuwa kituo cha kwanza katika njia hiyo mara nyingi ni mlango wa kanisa la Kilutheri, sisi wachungaji na wanafunzi wa teolojia hatuwezi kusema kwamba jambo hili halituhusu.

Desturi ya kushuka melini ili kutazama miji ya kale ilikomaa katika Bahari ya Mediterania. Mwaka 1867 meli ya moshi iitwayo Quaker City iliondoka New York ikiwa na abiria waliolipa nauli ili waizunguke bahari ile, wakishuka katika bandari moja baada ya nyingine mpaka Nchi Takatifu. Yafaa tukumbuke kwamba wazo la safari ile lilihusiana na usharika mmoja, Plymouth Church ya Brooklyn, na kwamba wengi waliosafiri walijiona kuwa ni mahujaji. Mark Twain, aliyekuwamo melini, alichapisha kitabu juu ya safari hiyo mwaka 1869, na aliwacheka wenzake bila huruma. Hata leo meli hutia nanga Kuşadası, katika Uturuki, ili abiria wapate nusu siku ya kutembea katika magofu ya Efeso, wengine wao wakiwa na Biblia mkononi.

Lakini msafiri mwenyewe wanayemfuata, Paulo, alishukaje pwani? Tukisoma Matendo ya Mitume kwa swali hili, tunakuta jambo ambalo wafafanuzi hulipita upesi. Huko Sidoni, Paulo akiwa mfungwa, akida Yulio alimruhusu ashuke aende kwa rafiki zake wamtunze (27:3). Huko Tiro meli ilikuwa ikishusha shehena, na Paulo na wenzake waliitumia nafasi ile kuwatafuta wanafunzi, wakakaa nao siku saba (21:3-4). Huko Puteoli waliwakuta ndugu, wakakaa nao siku saba tena (28:14). Kumbe kuhusu Sirakusa, mji uliosifika dunia nzima kwa mahekalu na uwanda wake wa michezo, Luka anasema tu kwamba walikaa siku tatu (28:12). Hakuna hata neno moja juu ya majengo. Kitenzi cha Kiyunani anachokitumia Luka katika habari ya Tiro, aneuriskō, si kukutana kwa bahati, bali ni kupata baada ya kutafuta. Wanafunzi wa Tiro hawakuwa wakingoja gatini. Ilibidi kuuliza njia.

Ni kweli kwamba Athene Paulo alitembea na kutazama. Hapo Luka anatumia kitenzi kingine, anatheōreō, yaani kuangalia kwa makini (17:23), na hotuba ya Areopago ilitokana na kuangalia huko. Kwa hiyo kutazama peke yake si kosa. Swali ni hili: anayetazama anafika wapi baada ya kutazama?

Sisi Walutheri tunaye mtalii wetu pia. Katika majira ya baridi ya 1510 na 1511, kama wengi wanavyokubali, mtawa kijana Martin Luther alifika Roma kwa shughuli za shirika lake, akakaa kiasi cha majuma manne. Alipokuwa mzee alisimulia jinsi alivyokimbia kutoka kanisa hadi kanisa na kutoka pango hadi pango, akiyaamini yote aliyoambiwa, na jinsi alivyozipanda ngazi za Scala Sancta kwa ajili ya roho ya babu yake. Hakudanganyika kwa sababu alikuwa mjinga. Alikuwa mgeni mwenye haraka na moyo wa ibada, na mgeni wa namna hiyo huamini kila asemalo kiongozi wake. Na wanaoingia makanisani mwetu kutoka melini wako katika hali iyo hiyo.

Pwani yetu nayo ina historia ndefu ya watu walioshuka, wakatazama, wakaondoka. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alifika Kilwa mwaka 1331, akakaa muda mfupi, akausifu mji kwa uzuri wake na kumsifu Sultani al-Hasan ibn Sulaiman kwa ukarimu wake kwa maskini. Alisema majengo yalikuwa ya miti. Hata hivyo msikiti mkubwa wa Kilwa Kisiwani na jumba la Husuni Kubwa, ambalo Neville Chittick alilichimbua katika karne ya 20, ni kazi ya mawe ya matumbawe na chokaa, na magofu hayo yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Shahidi wetu bora wa karne ya 14 ni mtu aliyepita njia, na twamshukuru. Lakini maneno yake yanahitaji kusahihishwa na mawe yenyewe.

Mwezi Julai 1505 walishuka Kilwa wageni wengine. Askari wa Francisco de Almeida waliingia mjini, na baada ya mji kushindwa watawa Wafransisko waliushusha msalaba pwani huku wakiimba. Kisha mji ukatekwa nyara. Habari hii haikuandikwa na adui wa Wareno. Imo katika taarifa za msafara wenyewe. Nimewahi kusikia waongoza watalii wakiwaambia wageni kwamba Ukristo uliletwa pwani hii na wamisionari wa karne ya 19. Kama lingekuwa kweli, tungelala vizuri zaidi. Msalaba ulishuka Kilwa zaidi ya miaka 300 kabla ya Krapf kufika Mombasa, nao ulishuka pamoja na nyara.

Unguja tunakuta shida ya namna nyingine, na pengine ndiyo inayotuhusu zaidi. Wageni wanaoteremka Mji Mkongwe hupelekwa Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana, lililojengwa chini ya Askofu Edward Steere mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Inasimuliwa kwamba altare imesimama palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Nje ya kanisa zipo sanamu za watumwa shimoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs kutoka Sweden, ambazo hakuna mtu mwenye moyo anayeweza kuzitazama na kubaki vile vile. Lakini wageni huteremshwa pia katika vyumba vya chini, vyenye giza na dari fupi, wakaambiwa kwamba humo ndimo watumwa walimofungwa wakingoja kuuzwa. Wanahistoria wamelihoji jambo hili, kwa kuwa jengo lililo juu ya vyumba hivyo ni la misheni na lilijengwa baada ya soko kufungwa.

Wapo watakaosema: kuna ubaya gani? Biashara ya utumwa ilikuwapo, mateso yalikuwapo, na chumba kile humsaidia mgeni kuyahisi. Jibu langu ni kwamba Amri ya Nane, kama tunavyoihesabu katika Katekisimu Ndogo, haina kifungu kinachoruhusu ushuhuda usio wa kweli ikiwa unamliza msikilizaji. Zaidi ya hayo, mgeni atakayegundua baadaye kwamba chumba hakikuwa kile alichoambiwa aweza kuanza kulitilia shaka soko lenyewe, ambalo lilikuwapo kweli kweli. Mateso ya watu wale hayahitaji kusaidiwa na hadithi.

Sasa turudi Dar es Salaam. Mji huu ulianzishwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870, na mji ukadorora mpaka Kampuni ya Kijerumani ilipoweka kituo mwaka 1887. Mwaka huo huo alifika mchungaji Johann Jakob Greiner wa chama cha misheni kilichojulikana kama Berlin III. Mwaka 1890 kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie ilianzishwa Hamburg kwa ruzuku ya serikali, na mwaka 1891 makao makuu ya koloni yakahamishwa kutoka Bagamoyo. Misheni, meli na serikali vilifika karibu kwa pamoja. Hatuna haja ya kudai kwamba vilikuwa kitu kimoja, kwa maana mara nyingi vilipingana. Lakini vilijenga kando kando, vikitazama maji yale yale.

Jengo la Azania Front lilianzwa mwaka 1898 na kuwekwa wakfu mwaka 1902. Abiria wa wakati ule, aliyetoka Ulaya kupitia Napoli, Port Said na Aden, aliuona mnara na vigae vyake vyekundu kabla hajakanyaga nchi kavu. Alishuka kwa mashua, kwa sababu gati la maji ya kina halikufunguliwa mpaka mwaka 1956. Aliyepiga makasia, na aliyempokea mizigo begani, alikuwa Mwafrika. Jioni yake aliondoka eneo la bandari na kwenda kulala upande mwingine wa mji.

Upande huo mwingine haukutokea wenyewe. Kanuni za ujenzi za Wajerumani, na baada yao za Waingereza, ziliugawa mji katika kanda tatu: ya kwanza, kando ya bahari, ya majengo ya Kizungu, ya pili ya biashara, ambamo Wahindi walikuwa wengi, na ya tatu ya nyumba za Waafrika. Kati ya ya pili na ya tatu paliachwa uwanja mtupu, unaoitwa Mnazi Mmoja. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya ya mji. Ng'ambo ya uwanja huo ndiko iliko Kariakoo, na mbele yake, kuelekea Ilala na bonde la Msimbazi, ndiko Mchikichini, mtaa unaolichukua jina lake kutoka kwenye mchikichi. Mtu akiichukua ramani ya kanda hizo, kisha akachora juu yake njia ya basi la watalii wa leo, ataona kwamba basi hilo linatii mipaka ambayo sheria iliiacha zamani. Linazunguka ya kwanza, linapita katika ya pili, na likifika Mnazi Mmoja linageuka.

Mwezi Septemba 1916 Waingereza waliuteka mji. Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa katika nchi ambayo mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo na ambayo barabara zilikuwa chache. Kwa hiyo risasi, unga na mizinga vilichukuliwa vichwani na mabegani mwa watu. Wapagazi hao waliandikwa katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps, wengi wao kwa nguvu, na mahali walipowekwa Dar es Salaam palichukua jina lao katika matamshi ya wenyeji: Kariakoo. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria na kwa njaa kuliko kwa risasi. Wanahistoria hukadiria waliofia upande wa Waingereza peke yao kuwa karibu 100,000. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na yamkini wengine hawakukumbukwa kabisa.

Sasa tuitazame Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Nairobi na Mombasa zina sanamu za ukumbusho wa vita vile vile, na katika ile ya Nairobi mpagazi amesimama pamoja na wapiganaji. Katika ile ya Dar es Salaam yumo askari mmoja peke yake, bayoneti yake ikielekea bandarini. Mpagazi hayumo. Mgeni wa melini hupigwa picha mbele ya askari, akarudi garini, bila kuambiwa kwamba aliyembebea askari huyo chakula na risasi amebaki katika jina la soko lililo umbali wa dakika chache nyuma yake. Mimi naona kwamba jina hilo ni ukumbusho mkubwa kuliko shaba, kwa sababu hutamkwa kila siku na maelfu ya watu. Lakini ni ukumbusho usiojieleza wenyewe. Vijana wengi wa Kipaimara wanaotoka Kariakoo hawajui maana yake.

Habari za upande ule haziishii katika vita. Wachukuzi wa bandarini waliogoma Septemba 1947, mgomo ulioenea mpaka bara kwa njia ya reli, walikuwa watu wa mitaa hiyo. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 kando ya Mnazi Mmoja, katika mtaa ambao sasa ni Lumumba. Na Kanisa pia lina habari yake huko. Wamisionari Wajerumani walipozuiliwa na kisha kufukuzwa kwa sababu ya vita, hawakuruhusiwa kurudi mpaka mwaka 1925. Katika miaka hiyo, walioshika kazi ya kufundisha na kuomba pamoja na waumini walikuwa walimu na wainjilisti Waafrika. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lililoungana rasmi tarehe 19 Juni 1963 lilijengwa juu ya kazi yao pia. Lakini mgeni aingiapo Azania Front huuliza: Nani alijenga? Lini? Kwa mtindo gani? Nasi humjibu: Wajerumani, 1898 hadi 1902, mtindo wa kwao. Majibu ni sahihi, na yote matatu yanaishia mwaka 1902.

Nimeambiwa na ndugu mmoja katika huduma kwamba si kazi ya mchungaji kuwa mwongoza watalii. Nakubali. Walakini mlango ukiwa wazi, mtu akaingia akauliza, jibu letu ni neno lililosemwa nyumbani mwa Bwana. Dakika kumi zinatosha kusema kwamba jengo hili lilisimamishwa upande wa mji ambako Mwafrika alikuwa mtumishi. Kwamba nje ya mlango, ukipita sanamu, kuna uwanja ulioachwa ili kututenga. Na kwamba ng'ambo yake wako Wakristo, na Waislamu majirani zao, ambao babu zao hawakuandikwa katika jiwe lo lote. Na kama mgeni ana saa moja zaidi, aelekezwe njia. Luka anasimulia kwamba kutoka Troa wenzake Paulo walipanda meli, naye mwenyewe akachagua kwenda Aso kwa miguu (20:13). Hasemi kwa nini.

Kutoka Azania Front mpaka Mchikichini si zaidi ya mwendo wa saa moja kwa miguu, hata kwa mgeni asiyezoea jua letu. Unapita penye Askari, unaufikia Mnazi Mmoja ulipo Mnara wa Mwenge wa Uhuru, unashika Mtaa wa Uhuru. Mkono wa kulia linabaki Soko la Kariakoo, ambalo jengo lake la miaka ya 1970, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, liliungua tarehe 10 Julai 2021. Ukiendelea unafika penye soko la mitumba la Karume, ambalo nalo liliteketea usiku mmoja wa Januari 2022, na wafanyabiashara wakarudi juu ya majivu kupanga upya meza zao. Nguo zinazouzwa hapo zimevaliwa kwanza Ulaya na Marekani. Zimefika kwa meli, zimepakuliwa katika bandari ile ile, na zimeuvuka uwanja wa Mnazi Mmoja bila mtu kuzigeuza.